Fundi kanikunjia nondo, kaniambia ndiyo stabilaiza

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Land Cruiser yangu, ile 80 Series ya springi za koili, niliinyanyua inchi 2 kwa ajili ya njia za shamba. Stabilaiza ya mbele, ule mtaimbo wa chuma unaozuia gari isilale kwenye kona, ilishakatika, nikaenda gereji moja hapa Dodoma mjini. Fundi akasema ya nini kuhangaika kuagiza Dar, ataitengeneza mwenyewe. Nikalipa 220,000.

Kachukua nondo ya milimita 25, kaipasha kwa gesi mpaka ikawa nyekundu, kaikunja, kachomelea masikio ya kufungia kwenye ncha. Nikamuuliza mbele ya vijana wake, hii ikijinyonga itarudi? Akajibu, "Mzee, chuma ni chuma."

Si kweli! Kazi ya stabilaiza ni hiyohiyo kujinyonga. Kwenye kona springi za upande mmoja zikibonyea, inajinyonga, inazuia bodi isilale, halafu inarudi ilivyokuwa. Ndiyo maana kiwandani wanatumia chuma cha springi. Nondo ikinyongwa kupita uwezo wake inabaki imepinda hivyohivyo. Na unene si dawa: ukitoka milimita 20 kwenda 25, ugumu unaongezeka karibu mara mbili na nusu, na nguvu yote hiyo inakwenda kuishia kwenye welding yake.

Jumamosi nikampakia mke wangu na watoto watatu, tunakwenda msibani Iringa. Kuanzia Fufu nasikia ngo, ngo, ngo chini. Mtera nikasimama, nikalala chini ya gari palepale wanapouza samaki. Sikio la kushoto limeachia kwenye welding, ncha ya nondo inasugua mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta ya breki. Mpira umeshaanza kulika! Na mbele yetu kulikuwa na kona za mlima wa Nyang'oro. Usingizi sikupata siku hiyo.

Nikaifungua nondo yote, familia nikaipandisha basi, mimi nikarudi Dodoma mdogomdogo.

Sasa fundi anasema nilizidisha uzito. Uzito gani, watoto? Yeye alipomaliza kufunga hakukata usukani kushoto na kulia, hakupiga jeki upande mmoja kuangalia nondo inagusa nini. Dakika kumi tu hizo! Hela harudishi, anataka nimpelekee gari "aongeze welding".

Gari yangu haiguswi tena pale, na 220,000 yangu naitaka. Mwenye stabilaiza ya mbele ya 80, ya mtumba sawa, ila isiwe imechomelewa popote, aweke bei hapa.