Mrejesho: Premio ya 2004 nimebaki nayo

Ndugu zangu, salamu kutoka Kampala. Mwezi uliopita niliuliza: niuze gari yangu, Toyota Premio ya 2004, niongeze hela nichukue toleo lililotoka 2007, au nitengeneze hii? Asanteni sana kwa majibu yenu.

Nimemsikiliza yule ndugu aliyesema injini ya 1NZ iko kwenye matoleo yote mawili, ila lile jipya lina gia za CVT (otomatiki ya mkanda, isiyo na gia za hatua), na CVT ikiharibika ni msiba wa pesa. Basi nilienda Kisekka, soko la vipuri hapa Kampala, nikanunua mauntingi za injini (zile raba zinazoishikilia injini) na shokapu za mbele. Fundi alinionyesha mauntingi ya kulia: raba imepasuka, chuma kinagusa chuma. Ndiyo iliyokuwa inatikisa usukani kwenye foleni! Sasa gari imetulia, na Jumamosi nimeenda Masaka na kurudi bila shida.

Kusafisha throto (mlango wa hewa ya injini) hakukusaidia. Gari bado inakula mafuta vilevile, na eyasii (kiyoyozi) bado haipoozi. Hiyo nitaishughulikia mwisho wa mwezi.

Mama watoto anashukuru zaidi yangu, maana ada za shule zimebaki salama. Mungu awabariki.