Mrejesho: BlackBerry Priv nimeichukua

Wakuu, niliwauliza kama ninunue simu ya BlackBerry Priv iliyotumika, ile ya 2015 yenye kioo cha kugusa na kibodi ya kuteleza. Nimeichukua Ngamiani, hapa hapa Tanga.

Kibodi ndiyo raha yenyewe. Unasukuma kioo juu kwa dole gumba, vitufe vinatokea chini. Tena huhitaji kubonyeza: ukivipapasa tu kwa kidole, ukurasa unapanda na kushuka, kioo hukichafui hata kama umetoka kula mihogo ya kukaanga. Ila vitufe ni vidogo, mwenye vidole vinene ajipange.

Aliyenionya kwamba baadhi ya programu zitagoma alisema kweli. Android yake, yaani mfumo unaoiendesha, inaishia toleo la 6, hivyo programu ya benki imegoma kabisa. Miamala naendelea na kitochi.