Mliokwenda visiwa vya Vietnam na marafiki, mabegi mgongoni: tupeane uzoefu

Msafiri wa Chumbageni
Habari zenu, ndugu zangu. Jana nilipokuwa nikifua begi langu la mgongoni nilikuta katika mfuko wa ndani noti ya bluu ya dong 20,000, na safari nzima ya Phu Quoc ikanirudia. Tulikuwa watano. Tuliondoka Ho Chi Minh usiku kwa basi la vitanda, lile ambalo unavua viatu mlangoni na kupewa mfuko wa plastiki wa kuvitia, tukafika Rach Gia kabla ya mapambazuko na kupanda boti ya saa mbili na nusu. Fedha za chakula na malazi tulikuwa tumechanga na kumkabidhi mwenzetu mmoja, naye siku ya kwanza tu alilipia madafu kwa noti ya dong 500,000 akidhani ni ya 20,000, kwa kuwa zote mbili ni za bluu. Muuza madafu alitufuata mbio hadi njia panda akaturudishia fedha yetu, na mpaka leo nikimkumbuka namwombea heri.

Desemba hii tunataka kurudi, na wenzangu wanapendekeza kisiwa chenye wageni wachache, kinachoitwa Ly Son, upande wa katikati ya nchi. Naomba mliofika huko mtueleze yaliyowakuta.

Binti Tongoni
Ndugu Msafiri, kwa kawaida mimi husoma na kupita, lakini umetaja Ly Son pamoja na Desemba na nimeona siwezi kunyamaza.

Tulikwenda wanne, wasichana watupu. Wenzangu watatu ni watu wa bara, kwa hiyo habari zote za bahari waliniachia mimi niliyezaliwa pwani, nami niliwahakikishia kwamba Desemba ni kaskazi, na kwamba kwa kaskazi maji hutulia na hata chombo kidogo hutoka bila wasiwasi. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyokua nikiona Tanga. Tulipanda treni kutoka Da Nang hadi Quang Ngai, tukachukua teksi hadi bandari ya Sa Ky, na boti ikatuvusha kwa muda usiofika saa moja.

Siku ya kwanza ilikuwa njema. Kisiwa kizima kinanukia vitunguu saumu, kwa maana ndilo zao lao kuu, na mashamba ni ya kustaajabisha, kwani wakulima hutandaza mchanga mweupe wa matumbawe juu ya udongo mwekundu wa volkano kisha hupanda humo. Jioni tulipanda mlima Thoi Loi, tukasimama kwenye ukingo wa kasoko yake tukitazama bahari pande zote. Usiku ule upepo ulianza kuvuma kutoka kaskazini mashariki, na asubuhi tulipofika gatini tulikuta boti zimefungwa na hakuna tiketi inayouzwa. Ikawa hivyo siku ya pili, na ya tatu.

Mwenzetu mmoja ana pumu. Alikuwa amechukua pampu moja tu, akijua tunalala usiku mbili. Usiku wa nne alinigusa bega akashindwa kuniita jina, na nilipowasha taa nikaona midomo imebadilika rangi. Tulijaribu pampu ikatoa hewa tupu. Mtandao ulikuwa umekatika, kwa hiyo hata ile programu ya kutafsiri lugha haikutufaa. Nilikimbia kugonga mlango wa mama mwenye nyumba nikiwa nimeishika ile pampu mkononi, nikamwonyesha, naye akaelewa pasipo neno. Mwanawe aliwasha pikipiki, mgonjwa akakaa katikati na mimi nyuma nikimkumbatia asianguke, tukaenda katika mvua hadi kituo cha afya. Walimfunga barakoa ya dawa ya mvuke. Nilikaa chini sakafuni nikihesabu pumzi zake hadi kulipokucha, na sijawahi kuogopa kiasi kile, kwa sababu nilijua kwamba dawa ile ikishindwa hakuna chombo cha kutuvusha.

Aliposhikwa na usingizi, mama mwenye nyumba alinichukua kwa miguu tukapita penye makaburi. Baadaye mwanawe, anayejua Kiingereza kidogo, alinifafanulia kwamba zamani mabaharia wa Ly Son walitumwa na watawala hadi visiwa vya mbali wanavyoviita Hoang Sa, na wengi hawakurudi. Familia zao walifinyanga sanamu za udongo zenye umbo la mtu, wakazizika mahali pa miili. Wanayaita mộ gió, yaani makaburi ya upepo. Babu yangu mzaa baba alitoka kuvua na hakuonekana tena, na kwetu hana kaburi. Nililia pale njiani, na yule mama alinishika mkono bila kujua sababu. Boti ilitoka siku ya tano mchana.

Mama wa Bara
Mimi ni mmoja wa wale wanne, na kila neno aliloandika ndivyo lilivyokuwa.

Mpanda Kilele
Poleni sana, lakini dada yangu, kuna jambo sikubaliani nalo. Kisiwa cha wavuvi hakikosi mashua. Mlikuwa na mtu mwenye maradhi na pampu inakwisha, basi siku ya pili tu mngekodi mashua ya mvuvi iwavushe. Mimi niliwahi kufanya hivyo katika kisiwa kingine na tulifika salama.

Binti Tongoni
Kaka yangu, mwenzetu mmoja alitoa wazo hilohilo na tuligombana vibaya hadi hatukusemezana siku nzima. Wavuvi wenyewe walikuwa wameziingiza mashua zao bandarini na kuzifunga kamba mbilimbili. Ukiona mvuvi anayelisha watoto kwa bahari amekataa kutoka, wewe mgeni unamshawishi kwa fedha ili iweje?

Mpanda Kilele
Sijasema mumshawishi mtu kufa. Nimesema mngeuliza. Wapo wanaokubali.

Mzee wa Dau
Wanangu, tafadhali. Mimi nimefanya kazi melini miaka mingi na njia ile ya Vietnam naifahamu. Upepo ni uleule wa kaskazini mashariki, lakini kwetu hufika umepoa, na kusi ndiyo huwa kali. Kule kwao huteremka kutoka bara la China ukipita juu ya bahari wazi, ukaipiga pwani ya katikati na visiwa vyake kwa nguvu zake zote, pamoja na mvua. Phu Quoc kiko upande wa pili, katika Ghuba ya Thailand, na nchi kavu inakikinga, kwa hiyo kuanzia Novemba hadi Aprili huko ni shwari na jua. Ikifika Juni hadi Septemba mambo hugeuka: Phu Quoc bahari huchafuka, na Ly Son hutulia. Binti Tongoni hakukosea kuijua kaskazi. Aliijua ya kwao.

Binti Tongoni
Shikamoo, mzee wangu. Ningalikusoma kabla ya safari, ningalilala.

Msafiri wa Chumbageni
Nashukuru sana, na pole kwenu nyote wawili, dada zangu. Naomba pia mnisaidie suala la fedha, maana mara iliyopita mchango wa pamoja nusura utufarakanishe.

Fundi Cherehani
Mfuko mmoja, mshikaji mmoja, na aandike kila senti. Yule mtu mnayemwona mgumu wa kutoa ndiye mumpe.

Nuru ya Ziwa
Napinga. Sisi tulimpa mgumu na tukalala na njaa kisiwani Cat Ba. Kila mtu abebe zake, mgawane bili mezani. Na mchukue fedha taslimu za kutosha kabla ya kuvuka, na tangawizi mbichi ya kutafuna botini.

Fundi Cherehani
Kugawana bili mezani kila siku ndiko kunakoua urafiki, ndugu.

Nuru ya Ziwa
Pasipoti je? Msizisahau hotelini bara, kwa kuwa wahudumu huzichukua kuwaandikisha, na botini mtaulizwa. Mwenzetu aliachwa gatini kwa sababu hiyo.

Msafiri wa Chumbageni
Nimezungumza na wenzangu. Desemba tutakwenda tena Phu Quoc, na Ly Son tumeisogeza hadi Mei. Dada Binti, mwenzenu mwenye pumu bado anasafiri?

Mama wa Bara
Ndiye mimi, kaka. Nasafiri, na pampu tatu: moja mwilini, moja begini, moja kwa Binti.

Binti Tongoni
Mkifika Ly Son nitawatumia ramani ya nyumba ya yule mama. Nitawapa kitenge mnipelekee, cha bluu, kwa sababu changu alikuwa akikishika pindo kila nilipopita.