Naombeni ushauri: kuvuta karavani pwani ya kaskazini ya Uskoti tukiwa na mama mkwe na watoto

MamaWawili_Leicester

Habari zenu wapendwa. Tunaishi Leicester, mimi, mume wangu na watoto wawili, mkubwa ana miaka kumi na mdogo sita. Mwezi wa nane mama mkwe anakuja kututembelea kutoka Pangani, na ndiyo mara yake ya kwanza kupanda ndege. Kila tukimpigia simu anauliza bahari ya huku ikoje, nasi tulipo hata harufu yake hatuisikii. Tumeona tumpeleke kwenye bahari hasa, ile njia ya pwani ya Uskoti wanayoiita North Coast 500, inayoanzia Inverness na kuzunguka kaskazini mpaka inarudi palepale, maili 516.

Rafiki wa mume wangu atatuazima karavani ya kuvuta yenye vitanda vya watu watano. Ikishapakiwa haitakiwi kuzidi kilo 1,300. Gari letu ni Nissan X-Trail ya dizeli, kitabu chake kinasema lina kilo 1,580. Mume wangu hajawahi kuvuta tela, ila zamani aliendesha Coaster ya Tanga na Lushoto, kwa hiyo kona na milima haimtishi.

Tuna wiki moja na kidogo. Je, tutaweza kuimaliza njia yote? Gari letu linatosha? Bibi magoti yanamsumbua, anaweza kujinyoosha kitandani ndani ya karavani tukiwa njiani? Na hao wadudu wanaosemwa, ni kweli wanatisha hivyo?

DerevaMalori_Coventry

Dada, nijibu la gari, mengine wenyeji wa huko watakusaidia.

Leseni haina shida. Tangu tarehe 16 Desemba 2021 mwenye leseni ya kawaida ya gari dogo ya hapa Uingereza anaruhusiwa kuvuta tela la hadi kilo 3,500 bila mtihani wa pili, mradi gari lenyewe limeruhusiwa kuvuta uzito huo. Bima ndiyo mshughulikie mapema. Bima ya gari lenu kwa kawaida hailipii karavani ikiharibika, na ya rafiki yenu huenda haimtambui mtu mwingine anayeivuta. Pigeni simu zote mbili na mpate jibu la maandishi.

Kuhusu uzito, wazoefu hushauri anayeanza asivute kitu kinachozidi asilimia 85 ya uzito wa gari. Yenu inakuja asilimia 82, ni salama, lakini mkipakia ovyo hesabu hiyo haina faida. Vitu vizito vikae sakafuni, juu ya ekseli. Makabati ya juu wekeni nguo na biskuti tu. Kile kichwa cha karavani kinachokaa kwenye ndoano ya gari kinatakiwa kilemee kwa asilimia 5 hadi 7 ya uzito wote, yaani kwenu kilo 65 hadi 91, na msivuke kikomo kilichoandikwa kwenye ndoano yenyewe. Kikiwa chepesi mno, karavani itaanza kutikisa mkia. Ikitokea, shemeji asikanyage breki wala asiongeze mwendo. Aachie mafuta taratibu na kushika usukani umenyooka mpaka itulie.

Mwendo ni maili 50 kwa saa kwenye barabara ya kawaida na 60 kwenye barabara kuu (motorway), na njia ya kulia kabisa kwenye barabara kuu ya njia tatu si yenu. Nunueni saitimira za nyongeza, maana zile za gari hazioni ubavu wa karavani.

Kurudi nyuma ni somo la peke yake, na Coaster haimfundishi mtu hilo: ukikata usukani kushoto, tela linakwenda kulia. Atafute uwanja mtupu Jumapili asubuhi na wewe ushuke umwelekeze. Fanyeni mpaka mzoeane kwa ishara za mikono.

Bibi kulala ndani ya karavani inayotembea, hapana. Sheria hairuhusu, na ile ni mbao nyembamba na plastiki. Siti ya mbele apewe yeye, na simameni kila baada ya saa moja na nusu anyooshe miguu.

Mkaazi_wa_Inverness

Karibuni sana huku kwetu. Mimi ni Mkenya, nimeshakuwa mwenyeji hapa, na kila kiangazi naona familia zikipita na karavani zikiwa na mpango kama wenu. Nitakuambia wazi: msizungushe karavani njia nzima. Ifikisheni mahali, iegesheni, muitoe kwenye gari, kisha mtembee na gari tupu. Mtaona mengi zaidi na bibi atapumzika.

Sababu ni barabara. Upande wa mashariki, A9 kutoka Inverness hadi Thurso, kama maili 110, ni njia mbili mwanzo mwisho na karavani inapita vizuri. Kutoka Inverness kwenda Ullapool kwa A835 vilevile. Lakini ukishaondoka Thurso kuelekea magharibi, na kule kuanzia Laxford Bridge mpaka Durness, sehemu kubwa ni barabara ya upana wa gari moja, yenye vituo vya kupishania. Ukikutana na mwenzako, aliye karibu na kituo ndiye anayesubiri. Kituo kikiwa kushoto kwako unaingia. Kikiwa kulia, unasimama barabarani sambamba nacho, umwache yeye aingie. Sasa fikiria unavuta karavani, mbele kuna lori la samaki na nyuma magari sita. Kurudi nyuma pale kunamtoa jasho hata fundi.

Na vituo hivyo si vya kuegesha wala kupigia picha. Watu wanaoishi huko wanapita hapo kwenda hospitali, shuleni na kazini. Ukiona gari nyuma yako lina haraka, ingia kituoni uliache lipite. Hili linatuuma sana wenyeji, naomba mlichukue kwa uzito.

Njia mbili msithubutu kuziingiza karavani. Ya kwanza ni Bealach na Bà, ya kwenda Applecross. Inapanda kutoka usawa wa bahari hadi mita 626, ina kona za kujikunja kama za Lushoto lakini nyembamba zaidi, na kibao kikubwa pale mwanzoni kinasema haifai kwa wanaojifunza udereva, magari makubwa sana na karavani. Ya pili ni B869, ile ya kupitia Drumbeg. Zote mbili zinaonyeshwa kwenye ramani za watalii, na simu itakupeleka bila kukuonya.

Ningekuwa ninyi ningeweka kambi mbili. Kwanza Dunnet Bay, karibu na Thurso, siku tatu nne. Halafu mrudi na A9 hadi Inverness na mpande Ullapool, mkae zilizobaki. Msijaribu kuja kutoka Leicester kwa mkupuo mmoja, laleni njiani karibu na Stirling au Perth. Kutoka Perth kuja huku kuna kamera zinazopima mwendo wa wastani, kwa hiyo kupunguza mwendo pale kwenye kamera pekee hakusaidii.

Neno la mwisho: mtasikia kwamba Uskoti unaruhusiwa kulala popote. Sheria ya mwaka 2003 inayotoa haki hiyo ni ya watu wa miguu na mahema, haihusu magari. Wekeni nafasi za kambi sasa hivi, tena zenye umeme.

Bin_Pwani

Naheshimu uliyosema mkuu, ila Bealach na Bà ndiyo roho ya safari nzima. Nilipita na gari dogo, ukifika juu hali ya hewa ikiwa nzuri unakiona kisiwa cha Skye mbele yako. Kumnyima bibi kitu kile naona ni dhambi.

Mkaazi_wa_Inverness

Bin Pwani, sikatai uzuri wake. Umepita na gari dogo, na mimi nazungumzia karavani. Lakini hata kwa gari tupu, kutoka Ullapool hadi Applecross na kurudi ni siku nzima ya kukaa kwenye kiti, na mama wa watu ana magoti. Baba na mtoto mkubwa wakitaka, waende wao.

MamaWawili_Leicester

Nawashukuru sana, nimemsomea mume wangu na amenyamaza kimya. Kambi mbili naona inatuingia akilini. Sasa niambieni, ni wapi bibi ataiona bahari bila kushuka ngazi? Na jamani kupika, kwa sababu yeye wali wa nazi ndiyo chakula.

Mkaazi_wa_Inverness

Dunnet Bay yenyewe. Ni ufuo mpana wa mchanga, tambarare, na kambi iko pembeni ya matuta ya mchanga. Maili chache kutoka hapo kuna Dunnet Head, ncha ya kaskazini kabisa ya nchi kavu ya Uingereza. Gari linafika hadi karibu na mnara wa taa uliojengwa mwaka 1831, unatembea kidogo tu na visiwa vya Orkney viko ng'ambo. Upepo wa pale si wa mchezo, avae koti linalofungwa mpaka shingoni na watoto mkiwashika mkono, maana ni jabali linalodondokea baharini.

Kutoka Ullapool chagueni siku isiyo na mvua mwende Durness na gari tupu, kama maili 70. Pango la Smoo, lenye maporomoko ya maji ndani yake, lina ngazi za kushuka. Watoto waende na baba. Wewe na bibi nendeni Balnakeil, gari linaegeshwa karibu kabisa na ufuo. Mchanga ni mweupe na jua likitoka maji yanakuwa ya kijani kama ya kwenu Pangani. Baridi yake ni nyingine, watoto wasiingie bila zile nguo za mpira.

Mkiwa mnapita Inverness, msiikose Chanonry Point karibu na Fortrose. Maji yakianza kujaa pomboo wanakuja kuwinda samaki karibu sana na ufuo, unawaona kwa macho bila darubini. Angalieni jedwali la kupwa na kujaa kabla ya kwenda.

Bi_Mkunazini

Assalam alaykum mwanangu. Nazi msihangaike nayo, chukueni ya kopo, na nyama ya halali nunueni hukohuko Leicester mkaigandishe kwa vifurushi vidogo vya mlo mmoja mmoja. Kule juu maduka ni machache na yanafunga mapema. Samaki mtawapata wabichi, Ullapool ni mji wa wavuvi tangu ulipojengwa mwaka 1788.

Umeme wa kambi una kikomo. Pengine mtapewa ampea 10, ambayo ni kama wati 2,300 tu. Birika la nyumbani la wati 3,000 litaukata, na jiko la wali mkiliwasha pamoja na hita utakatika vilevile. Kimoja baada ya kimoja.

Usubi ni kweli, tena unauma vibaya. Ni mdogo kuliko mbu, unakuja kwa mawingu asubuhi na jioni pasipo na upepo, hasa Julai na mwanzo wa Agosti. Kukiwa na upepo hauruki. Nendeni wiki ya mwisho ya Agosti. Umeanza kupungua, na shule za Uskoti zimeshafunguliwa kwa hiyo kambi zina nafasi. Na usiku umesharudi. Mwezi wa sita jua kule linazama saa nne na nusu usiku, watoto hawalali na Isha inakuwa taabu. Mnunulieni bibi chandarua cha uso, atakaa nje na kanga yake kwa raha.

Nesi_Aberdeen

Naomba mnisikilize kwa hili moja. Najua tukitoka tunapenda kuchoma mishkaki. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya karavani wala ndani ya lile hema linaloungwa ubavuni mwake, hata likionekana limezimika, hata mvua ikinyesha, hata bibi akisema anasikia baridi. Mkaa unaofifia unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hufa wakiwa usingizini. Kabla ya kuondoka bonyezeni kile kifaa cha kutoa tahadhari ya hewa hiyo mhakikishe kinalia. Kama hakipo, nunueni.

Bibi akatiwe bima ya safari yenye matibabu kabla hajapanda ndege, na magonjwa yake yote yaandikwe. Dawa zake za presha zikae kwenye mkoba wake garini, zisibaki karavani. Hospitali kubwa ni Raigmore, Inverness. Mkiwa Dunnet iliyo karibu ni ile ya Wick. Dharura ni 999, ila kuna mabonde simu haishiki kabisa, kwa hiyo mkitoka kambini mwambieni mtu wa mapokezi mnaelekea wapi.

DerevaMalori_Coventry

Niongeze: kiwango cha pombe kwa dereva Uskoti ni cha chini kuliko England tangu mwaka 2014. Shemeji asiguse kabisa.

MamaWawili_Leicester

Mume wangu hanywi, hilo limekwisha. Tumekubaliana hivi: wiki ya mwisho ya Agosti, tunalala Perth, kisha Dunnet Bay, kisha Ullapool, na Durness kwa gari tupu. Nimeshaandikia kambi zote mbili. Bealach na Bà tumeiacha. Bi Mkunazini nakushukuru mama, chandarua nimeagiza kwa wote. Limebaki moja: rafiki anasema karavani haijatoka uani tangu mwaka juzi, ila tairi zina kashata nyingi bado. Tuiamini?

DerevaMalori_Coventry

Hapana. Tairi la karavani linakufa kwa uzee kabla ya kashata kuisha, kwa sababu linasimama mahali pamoja na kupigwa jua. Tazama ubavuni mwa tairi kuna namba nne ndani ya duara: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Likizidi miaka mitano, au likiwa na nyufa ndogo ndogo ubavuni, badilisheni yote mawili, na la akiba mlitazame pia. Fundi akague na breki za karavani na ile waya inayozivuta karavani ikichomoka kwenye gari. Nati za magurudumu zikazwe kwa spana yenye kipimo, na mkishatembea kama maili 30 simameni mzikague tena kabla ya kuingia barabara kuu. Tuma picha ya zile namba hapa ukizipata, nitakusomea.