Ombi la hifadhi limekataliwa Kanada: je, jaji ataangalia risiti zetu?

Dada wa Kiborloni, Moshi
Ndugu zangu, naomba mwongozo. Mdogo wangu aliomba hifadhi ya ukimbizi Kanada, akakataliwa, akakata rufaa katika kitengo cha rufaa cha wakimbizi huko huko, na Jumatano iliyopita amepokea uamuzi kwamba ameshindwa tena. Hapa Moshi alikuwa akikodisha spika na jenereta kwa harusi, mikutano ya injili na, msimu wa kampeni, mikutano ya chama cha upinzani, ingawa hakuwahi kuwa na kadi ya chama chochote. Waliomvamia usiku na kupasua spika zake walimwambia kuwa yeye ndiye mdomo wa wapinzani. Uamuzi unasema alikuwa mfanyabiashara tu, asiye na maoni ya kisiasa. Ninacho kitabu chake cha risiti, kile cha kaboni ya bluu, chenye tarehe na uwanja wa kila mkutano. Vivuli vyake aliviwasilisha tangu mwanzo. Je, nikitume kitabu chenyewe, na jaji anaweza kumpa hifadhi?

Wakili kijana, Arusha
Pole sana, dada. La haraka ni siku. Ombi la kibali cha mapitio, yaani kuomba jaji akubali kuupitia uamuzi, hufunguliwa Mahakama ya Shirikisho ndani ya siku 15 tangu alipopokea uamuzi, na likifunguliwa kwa wakati, waombaji wengi hawaondolewi nchini hadi mahakama iamue. Kibali kikikataliwa, hakuna rufaa. Jaji hatoi hifadhi: anapima kama uamuzi ulikuwa wa busara, kwa kipimo ambacho Mahakama ya Juu ya Kanada ilikifafanua mwaka 2019 katika shauri la Vavilov, na akiutengua, shauri kwa kawaida hurudi kusikilizwa upya na mjumbe mwingine, yaani mwamuzi mwingine wa kitengo cha rufaa. Kitabu kibaki kwako, kwa sababu jaji husoma yale yaliyokuwa mbele ya mjumbe, na ushahidi mpya hupokelewa kwa nadra sana. Ila tazama kama uamuzi umezitaja risiti. Katika shauri la Cepeda-Gutierrez la mwaka 1998, Mahakama ya Shirikisho ilisema kuwa kadiri ushahidi uliorukwa ulivyo muhimu, ndivyo jaji anavyokuwa mwepesi kuona kwamba haukuzingatiwa.

Dada wa Kiborloni, Moshi
Ahsante, wakili. Nimeusoma tena usiku wa jana, ukurasa kwa ukurasa. Risiti hazikutajwa hata mara moja.

Mzee wa Ngaramtoni
Binti yangu, hilo ni jambo zito, lakini mimi naona kosa kubwa zaidi liko kwenye neno "mfanyabiashara tu". Mwaka 1993, katika shauri la Ward, Mahakama ya Juu ya huko ilikwisha kusema kwamba maoni ya kisiasa si lazima mtu awe ameyatamka, wala si lazima yawe yake kweli. Yatosha mtesi kumbandika. Waliopasua spika hawakuuliza kadi. Hata hivyo, shauri hilo hilo linachukulia kuwa dola inaweza kuwalinda raia wake mpaka pawepo uthibitisho wa wazi wa kinyume chake, kwa hiyo nakuuliza: aliripoti polisi, akapewa namba ya RB, na je, namba hiyo imo kwenye jalada lake?

Dada wa Kiborloni, Moshi
Shikamoo, mzee. Aliripoti mara mbili, na namba zote mbili zimo kwenye kiapo chake.

Wakili kijana, Arusha
Basi wakili wake huko aanze na Ward, afuate risiti, kisha hizo RB. Leo ni Jumanne, siku sita zimekwenda. Mpigie usiku huu, kwao kutakuwa bado mchana.