Tupeane uzoefu: kazi ya mtandaoni katika kampuni changa yenye watu wa mataifa mbalimbali

Mleta mada
Wakuu, habari za majukumu. Mada hii imeletwa na jambo lililonikuta mwanzoni mwa mwezi huu wa Novemba 2025. Ninaishi Arusha na ninaandika programu kwa kampuni changa isiyo na ofisi popote: mwanzilishi yuko California, wenzetu wawili wako Lisbon na mmoja yuko Bangalore. Mkutano wetu wa kila siku hufanyika saa tatu asubuhi ya California, ambayo kwetu ni saa moja usiku. Ulaya ilirudisha saa zake nyuma tarehe 26 Oktoba, Marekani ikafuata tarehe 2 Novemba, na katikati hapo, tangu tarehe 29, siku ya uchaguzi mkuu wa Tanzania, sisi tukawa hatuna mtandao kabisa nchi nzima. Uliporejea, kitu cha kwanza nilichokiona kwenye kalenda ni kwamba mkutano umejisogeza wenyewe hadi saa mbili usiku, saa ambayo watoto wangu wanataka baba awe mezani. Kwa mwenzetu wa Bangalore sasa ni saa nne na nusu usiku. Kila mwaka mambo huwa hivyo hivyo, na sijawahi kusikia mtu akiuliza kama saa hiyo inatufaa. Ninyi mnaofanya kazi katika timu hizi ndogo, mnaishije nazo?

Ngosha wa Mwanza
Mkuu, umesema kweli tupu. Mke wangu anajua majira ya Marekani kuliko mimi, kwa sababu ndiye anayebaki na ugali unaopoa.

Mkazi wa Kilimani
Kwangu saa si tatizo, kwa kuwa usiku wa Nairobi una utulivu wa kufanyia kazi. Shida yangu imekuwa fedha. Ijumaa ya tarehe 10 Machi 2023, mamlaka za California ziliifunga benki ambamo kampuni yetu ilikuwa imeweka karibu kila kitu chake. Bima ya amana ya Marekani hulinda dola 250,000 kwa kila mwenye akaunti, na mtaji wa kampuni changa, hata iliyo ndogo, huzidi kiasi hicho. Mwanzilishi alituandikia kwenye Slack, ile programu ya mazungumzo ya kazini, kwamba hajui kama malipo ya katikati ya mwezi yatatoka, kisha akanyamaza. Wenzangu walioko kule walikuwa waajiriwa wanaolindwa na sheria za mishahara, ilhali mkataba wangu uliniita mkandarasi huru, yaani mtu wa kusubiri foleni pamoja na wadai wengine. Wikiendi nzima nilikuwa nikifungua simu, nikiifunga, nikiifungua tena, huku baba mwenye nyumba akipita kibarazani na kunisalimia kwa uchangamfu ambao sikuupenda. Tangazo kwamba wenye amana wote watalipwa fedha zao lilitoka Washington Jumapili jioni, na huku kwetu ilikuwa imeshapita saa saba ya usiku wa kuamkia Jumatatu. Nililisoma nikiwa macho. Tangu hapo sianzi kazi na kampuni yoyote kabla ya kuweka akiba ya kodi ya miezi kadhaa.

Fundi Kodi
Ndugu wa Kilimani amegusa kiini cha jambo. Wengi wenu mnaitwa wakandarasi huru huku mkifanya kazi kama waajiriwa, na maana yake ni kwamba hakuna anayewachangia hifadhi ya jamii. Mwajiri wa kawaida Tanzania huhakikisha asilimia 20 ya mshahara inafika NSSF, na nusu yake kwa kawaida hukatwa kwa mfanyakazi. Ninyi mnapokea dola kamili na kujiona matajiri, kumbe ndani ya dola hizo ndimo ilimo pensheni yenu ambayo hamjaitenga. Uchangiaji wa hiari upo, kaulizeni. Tena mkumbuke kwamba mkazi wa Tanzania hutozwa kodi kwa mapato yake hata yanapotoka nje ya nchi.

Ngosha wa Mwanza
Bwana Fundi, hapa tumeomba uzoefu, na wewe umetuletea hati ya madai. Mambo ya kodi yana jukwaa lake.

Fundi Kodi
Uzoefu wa kodi huja siku ya ukaguzi, ndugu yangu, na siku hiyo hutakuwa na jukwaa.

Mpare wa Holili
Nilikuwa ninasoma tu bila kuandika, lakini mleta mada alipotaja tarehe 29 nimeshindwa kunyamaza. Ninasimamia huduma kwa wateja wa programu ya kupanga miadi ya kliniki za meno. Waanzilishi wako Uholanzi, na mwenzangu wa zamu yuko Cebu, Ufilipino. Akilala yeye ninaamka mimi. Kampuni ina kanuni ya usalama kwamba mtu akitoweka kwa saa 48 bila taarifa, ruhusa zake zote zinafungwa, kwa kuwa tunashika taarifa za wagonjwa. Kanuni hiyo niliisaini na sikuwa na neno nayo, kwani haikunijia akilini kwamba nchi nzima inaweza kutoweka.

Mtandao ulipokatika nilisubiri nikidhani utarudi jioni. Siku ya pili nikakumbuka laini ya Kenya ninayoitumia siku za soko la Taveta. Ndani ya nyumba haikushika chochote. Nilizunguka uani nikiwa nimeinua simu, hadi nilipopanda ngazi ya tangi la maji na kuona alama moja ya mtandao ikitokea na kupotea. Nikaiacha simu juu ya mfuniko wa tangi, nikaifunga kwa kitambaa isianguke, kisha nikashuka na kompyuta hadi jikoni, mahali pekee ambapo mawimbi ya simu ile yalifika. Ilipofika alasiri ya siku ya tatu ndipo Slack ilipofunguka, na ilichoniambia ni kwamba akaunti hii haipo tena. Barua pepe ya kazi nayo ilikuwa imefungwa. Jamani, nilikaa kwenye kigoda nikahisi mikono inakufa ganzi, kwa sababu mshahara wa Oktoba ulikuwa haujaingia na sikuwa na namba ya simu ya mtu hata mmoja katika kampuni; miaka yote tulizungumza ndani ya Slack tu.

Kilichoniokoa ni barua pepe yangu binafsi, ambamo nilikuta ujumbe wa yule mwenzangu wa Cebu. Alikuwa ameona habari za Tanzania, akawaandikia waanzilishi kwamba kimbunga kilipoipiga Cebu Desemba 2021 yeye mwenyewe alikaa muda mrefu bila umeme wala mtandao, na kwamba mtu aliyekatiwa mtandao hawezi kutuma taarifa kwamba amekatiwa mtandao. Nilimjibu kupitia tangi la maji. Ruhusa zangu zilirudishwa, mwanzilishi mmoja akaomba radhi, na nikalipwa.

Sasa sikilizeni. Sisi tumerudi hewani tarehe 3, na alfajiri ya tarehe 4 Novemba kimbunga kingine kikaipiga Cebu, mafuriko yakasomba magari na kuua watu wengi. Mwenzangu akanyamaza. Mfumo ulipotuma onyo lake la saa 48 niliandika mbele ya wote kwamba atakayemfungia akaunti anifungie na mimi. Hakufungiwa. Alirudi akiwa salama, yeye na mama yake, ila nyumba yao imejaa matope.

Mkazi wa Kilimani
Dada, pole sana. Nimesoma mara mbili.

Kijana wa Tabata
Kwa nini hamkutumia VPN, ile programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao? Mimi ninalipia kila mwezi kwa ajili ya mambo kama haya.

Ngosha wa Mwanza
VPN hupita ndani ya mtandao, kijana. Mtandao usipokuwepo unapita wapi, kwenye bomba la maji?

Kijana wa Tabata
Basi nunueni Starlink, mtandao wa satelaiti, wenzetu Kenya wanayo tangu Julai 2023.

Fundi Kodi
Na huku kwetu haijapewa leseni. Usiwashauri watu kununua kesi.

Mtu Mzima
Ninaomba niwakumbushe wanangu kwamba katika siku hizo Dar es Salaam tulikuwa chini ya amri ya kutotoka nje, na wapo waliopoteza ndugu zao. Kulalamikia mkutano wa saa mbili usiku kwa pumzi moja na siku hizo si uungwana.

Mleta mada
Mzee wangu, shikamoo. Sikukusudia kulinganisha, na sitarudia kuyataja pamoja. Hata hivyo mshahara wa mtu nao ni chakula cha nyumba, na dada wa Holili alikuwa karibu kuupoteza.

Mtu Mzima
Marahaba. Nimekuelewa. Huyo dada sina ugomvi naye.

Bi Mkubwa wa Muscat
Mimi ninafanyia kazi timu ya wanne tukiwa Oman, London na Toronto. Mapumziko yetu hapa ni Ijumaa na Jumamosi, ya kwao ni Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo kwa muda mrefu nilikuwa na siku moja tu ya kupumzika bila mtu kugundua. Ushauri wangu ni kuandika saa zako kwenye mkataba, kwa sababu ukizisema kwa mdomo watu husahau. Mkutano wa Ijumaa sihudhurii. Wanarekodi, nami ninasikiliza Jumapili nikiwa na kahawa.

Kijana wa Tabata
Mama, usipoonekana mkutanoni, siku ya kupunguza watu jina lako linakuwa la kwanza. Mimi huwasha kamera hata nikiwa na homa.

Bi Mkubwa wa Muscat
Endelea kuwasha, mwanangu. Mimi wamenikuta nipo na wataniacha nipo.

Mpare wa Holili
Kabla ya yote hayo, ombeni namba ya simu ya kawaida ya mtu mmoja katika kampuni, na mumwachie yenu na ya jirani. Huko nyuma tuliona ni ushamba kupeana namba. Sasa kila mmoja wetu ana karatasi yenye namba za wenzake wote, na ya kwangu nimeibandika mlangoni mwa friji.

Mleta mada
Nimemwandikia mwanzilishi leo nikipendekeza saa ya mkutano izunguke, mwezi mmoja usiku uwe wetu na mwezi unaofuata uwe wa California. Amejibu kwamba wazo ni zuri na kwamba tutalijadili kwenye mkutano.

Ngosha wa Mwanza
Mkutano wa saa mbili usiku?

Mleta mada
Huo huo.

Kijana wa Tabata
Dada wa Holili, hiyo kampuni yenu ya meno haiajiri kweli?

Mpare wa Holili
Kwa sasa hawaajiri. Wakitangaza nitaweka hapa, ila uwe na laini mbili.