Mama ameacha warfarin na mapigo yake ya moyo hayana mpangilio

BintiMoro: Wakuu, shikamooni. Mama yangu ana miaka 46. Eko, kipimo cha picha ya moyo, imeonyesha mlango wa moyo upande wa kushoto umebana, umebaki uwazi wa sentimita za mraba 1.1. Nikimshika kifundo cha mkono nahesabu mapigo matatu ya mbio, kimya, moja, kisha mawili yamebebana. Kaandikiwa warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande. Jirani kamwambia ni sumu ya panya, leo siku ya nne hajameza. Nimwambieje anielewe?

MkunaNazi: Marahaba mwanangu. Nakuandikia kwa mkono wa kushoto, wa kulia haujarudi sawasawa. Nina tatizo hilo hilo. Darasa la tatu koo lilikuwa haliishi kuniuma, kisha magoti yakavimba kwa zamu. Nyumbani hakuna aliyejua kuwa homa ya baridi yabisi inaharibu milango ya moyo.

Mlango ukibana, damu inarundikana chumba cha juu, chumba kinatanuka, umeme wake unavurugika. Kuta zinatetemeka tu, hazikamui. Damu ikituama inaganda, na bonge likichomoka linaweza kupanda kichwani.

Mimi vidonge viliisha, nikasema nitanunua mwisho wa mwezi. Jumamosi niko juu ya mbuzi, nazi ikaniponyoka. Nikaiokota, ikaponyoka tena. Nikataka kumwita mwanangu, jina lake likagoma kutoka.

Jirani hajadanganya, warfarin iliuzwa kuua panya kabla ya kutibu watu. Tofauti ni kipimo. Ndiyo maana tunatolewa damu kupima INR, yaani namba ya jinsi damu inavyochelewa kuganda; kwa hali kama yetu ikae kati ya 2 na 3. Mwambie hivyo hivyo, usimfiche. Mchicha na matembele ale, ila kiasi kisipande na kushuka.

NesiWaZamu: Mpeleke kliniki leo, asifidie vidonge vya siku nne kwa mkupuo. Diclofenac na aspirini za dukani asiguse bila daktari kujua. Mdomo ukipinda au mkono ukilegea, hospitali papo hapo. Wala msihamie wenyewe rivaroxaban, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, kwa kukwepa kupima damu: utafiti wa 2022 kwa wagonjwa kama mama ulionyesha waliotumia warfarin walikufa wachache zaidi.

BintiMoro: Tumetoka kliniki. INR ni 1.2, ameanzishiwa upya, tunarudi Alhamisi. Nilimsomea ile ya nazi kuponyoka. Kauliza huyo mama sasa anakunaje.

MkunaNazi: Mwambie mwanangu ndiye anayekuna, mimi nachuja tui.